Nilipima Tairi, Nikamhukumu Fundi

Minza mwanangu,

Mmetoka na mama yako kwenda kumuaga shangazi yako kule upande wa hospitali, na najua hamtarudi mapema, maana shangazi hamruhusu mtu aondoke kwake bila kula. Jua bado liko juu. Nimefunga gereji kabla ya saa zake, nimenawa, nimekaa kwenye meza uliyokuwa unasomea. Mgongo unaniuma, na mikono ndiyo hii unayoijua, haishiki kalamu vizuri. Nivumilie mwandiko.

Sitakuandikia habari za kula, kulala na kuchagua marafiki. Mama yako amezisema wiki nzima na wewe umeitikia kila mara kwa adabu. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka sita, na limenichosha kuliko kazi zote nilizofanya hapa Bariadi, mtaani Somanda.

Juzi ulinionyesha kwenye simu ile mashine ya chuoni unakokwenda kusoma Dar. Gari linapandishwa juu ya roli za chuma zinazozunguka, linafungwa kwa mikanda, tairi zinazunguka palepale, na kompyuta inatoa nguvu ya injini kwa namba. Ulifurahi sana. Ukasema, "Baba, hapo hakuna ubishi tena. Namba ikishasema, imesema." Niliitikia, nikainuka kama mtu aliyesahau kitu gereji. Sikuwa nimesahau kitu. Nilishindwa kukaa karibu na wewe ukisema maneno yale, kwa sababu mimi niliwahi kuyasema, mbele ya watu, na yakamharibia mtu maisha.

Mtu huyo ni baba yako mdogo Ngassa.

Wewe ulikuwa bweni, kidato cha pili. Ulipokuja likizo ukakuta hayupo gereji, ukauliza. Nikakuambia Ngassa alikuwa na mkono mrefu, tumeachana. Hukuuliza tena. Leo nakuambia: nilikudanganya.

Unajua tulivyokuwa. Miaka kumi na moja tulifanya kazi chini ya bati moja, yeye upande wa injini, mimi upande wa giaboksi, difu na breki. Hatukuwa ndugu wa damu, lakini wewe ulimwita baba mdogo tangu ukiwa mtoto. Alikuwa na sikio. Gari likiingia getini, kabla dereva hajazima, Ngassa alishajua silinda ipi ina shida. Watu walitoka Nkoma, walitoka Maswa, wakifika wanauliza, "Ngassa yupo?" Mimi nimekaa pale pale, spana mkononi, wananiuliza mimi kama Ngassa yupo. Nawajibu yupo. Miaka kumi na moja. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba jambo lile lilikuwa linanikwaruza ndani, hata mama yako hajui.

Halafu nikapelekwa Mwanza kwenye mafunzo ya siku tano. Huko ndiko nilikojifunza kupima nguvu ya gari bila mashine. Unajua uzito wa gari. Unaliingiza kwenye barabara tambarare, unakanyaga mafuta mpaka mwisho, unahesabu sekunde ngapi linachukua kutoka mwendo mmoja hadi mwingine. Ukifanya hesabu, unapata nguvu inayofika kwenye tairi. Si ya injini, ya kwenye tairi. Maana nguvu ikitoka kwenye injini inapita kwenye giaboksi, kwenye shafti, kwenye difu, kwenye hab, kile kitovu cha gurudumu, na kila mahali inapopita inaliwa kidogo. Ukitaka ya injini lazima urudishe kilicholiwa. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mpole, alitusisitizia: ukimaliza kupima, toa gia, liache gari liende lenyewe, uhesabu tena sekunde linavyopungua mwendo. Hapo ndipo utajua barabara, upepo na gari lenyewe vinakula kiasi gani. Niliandika yote kwenye daftari. Nilirudi Bariadi nikiwa mtu mwingine. Nilikuwa na kitu ambacho Ngassa hana.

Msimu huo wa pamba, Mzee Salumu mwenye duka la jumla alituletea lori lake. Ngassa akafungua injini yote, akabadilisha ringi za pistoni na vinginevyo. Mimi nikafanya hab za nyuma na breki. Lilipotoka, baada ya siku chache Mzee Salumu akarudi.

"Gari halivuti," akasema. "Sitta analalamika. Hata kwenye kimwinuko kidogo anarudisha gia."

Sitta ndiye aliyekuwa dereva wake, kijana wa Itilima, mtulivu, mwenye watoto wawili wakati huo.

Ngassa akainama kusikiliza injini. Akasema, "Injini iko sawa. Kitu kingine kinalishika."

Nami nikasema, "Tuache masikio. Tulipime."

Nakumbuka nilivyolisema. Nililisema kwa sauti, mafundi wa gereji za jirani wasikie.

Tulilipima uzito kwenye mizani ya kiwanda cha pamba, tukatoka nje ya mji kwenye lami iliyonyooka. Sitta anaendesha, mimi pembeni yake na simu inayohesabu sekunde. Mara tatu. Kila mara sekunde zilikuwa nyingi kuliko zilivyotakiwa, na kila mara, Minza, nakuambia kweli, moyo wangu ulifurahi. Tulipomaliza mara ya tatu Sitta akauliza, "Bado kuna kingine, fundi?" Kilikuwepo. Ilibaki ile hatua ya kutoa gia na kuliacha gari liende lenyewe. Lakini watu walikuwa wanatungoja gereji, na namba niliyoitaka nilikuwa nayo tayari. Nikasema, "Imetosha. Geuza."

Niliifanya hesabu mbele yao, kwa chaki, kwenye mlango wa gereji. Nikapata nguvu ya kwenye tairi. Nikaongeza cha njiani, kwa kukisia tu, nikasema hii ndiyo injini. Ilikuwa pungufu kwa kama theluthi nzima ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Ngassa aliitazama ile chaki muda mrefu.

"Mabula," akasema, "umepima kwenye tairi. Injini hujaigusa."

"Nimeongeza za njiani."

"Umeongeza ngapi?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ya gari gani? Rudini barabarani, mtoe gia muone linavyokwenda lenyewe. Au tulinyanyue nyuma kwa jeki, tuzungushe tairi kwa mkono. Nusu saa tu, kaka."

Aliniita kaka. Alikuwa ananiomba, na nilijua anasema kweli, kwa sababu ndivyo daftari langu lilivyosema. Lakini tungelinyanyua lori nyuma, tungekuwa tunakagua kazi yangu. Nikamgeukia Mzee Salumu nikasema, "Injini haiwezi kupungua hivi kama ringi ni mpya. Muulize ringi mpya ziko wapi."

Unaelewa nilichokisema? Nilisema amefunga ringi kuukuu na zile mpya ameziuza.

Mzee Salumu si mtu wa kukurupuka. Alivua kofia yake, akaipangusa, akaniuliza, "Fundi Mabula, una uhakika?"

Nikaonyesha mlangoni. "Namba ile pale, mzee. Ikishasema, imesema."

Ngassa hakugombana. Alinawa mikono kwa dizeli, halafu kwa sabuni, kama alivyofanya kila jioni. Akaweka spana zake kwenye sanduku, moja moja. Alipofika getini akasema, "Fungueni injini mtazame," akaondoka. Hatukuifungua. Pamba ilikuwa inasubiri, lori haliwezi kulala. Tukakubaliana itafunguliwa msimu ukiisha.

Maneno yalitembea. Hapa Somanda bodaboda mmoja akisikia kitu asubuhi, mchana kimefika stendi. Ndani ya wiki mbili hakuna aliyempa Ngassa injini. Akachukua mke na watoto akahamia Kiloleli kwa wakwe zake, akawa analima bustani. Mtu mwenye sikio lile, anamwagilia nyanya.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo pabaya zaidi.

Wiki moja baada ya siku ile ya chaki, Sitta alipita gereji. Hakuzima hata gari. Akasema, "Fundi, nyuma kushoto kunanuka moto. Nikigusa hab siwezi kuacha mkono pale."

Nilikuwa chini ya gari jingine. Sikutoka. Nikamjibu kutoka huko huko chini, "Ni jua hilo, na mzigo. Endesha."

Alikuwa ananiletea jibu la ile hesabu, Minza. Alinifuata nalo hadi mlangoni. Kama ningetoka chini ya lile gari, nikanyanyua gurudumu moja tu, yote yangeishia pale.

Baada ya siku tisa lori lilitoka Nkoma na pamba. Beringi ya kushoto ikasagika njiani, gurudumu likachomoka, lori likalala pembeni ya barabara. Sitta alibanwa mguu. Hospitali walijitahidi siku nne, halafu wakaukata, juu kidogo ya kifundo.

Walilivuta lori mpaka gereji. Nilifungua hab peke yangu. Beringi ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa moto. Nati nilikuwa nimeikaza kupita kiasi, kwa mkono wangu huu wa kulia, siku ambayo nilikuwa na haraka. Breki nazo zilikuwa zinagusa muda wote, zimeungua mpaka zimeng'aa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinakula nguvu. Kila kilichopungua kwenye chaki yangu kiliishia pale, kwenye kazi yangu mimi.

Nilikaa chini kwenye mafuta. Kisha, sijui kwa nini, nikaifungua na injini. Labda nilitaka nikute hata kosa moja la Ngassa, dogo tu, la kushikilia. Ringi zilikuwa mpya. Zote. Zimepangwa kama anavyopanga siku zote, nafasi zake zimepishana, safi kama za kwenye kitabu. Nikazirudisha kama nilivyozikuta.

Na sikusema. Mzee Salumu alipouliza, nilimwambia barabara mbovu na mzigo mwingi. Kuhusu injini nikamwambia hakuna tena haja ya kuifungua. Akaamini. Watu walinionea huruma kwa sababu nilikwenda hospitali kila siku kumtazama Sitta. Nilimpelekea uji. Mke wake alinishukuru. Umewahi kushukuriwa na mtu uliyemwangamiza? Ni mzigo usio na pa kuuweka chini.

Nilikaa kimya miaka miwili. Nilifikiri ukimya utazoeleka kama maumivu ya mgongo. Haukuzoeleka. Nilianza kukosea kazi ndogo ndogo. Nilikuwa mkali nyumbani. Zile likizo ulizokuwa unamwambia mama yako "baba amebadilika" nilikusikia, ukuta wetu si mnene.

Kilichonitoa si ujasiri, usije ukanisifu. Siku moja mteja aliniletea gari lililopoteza nguvu, akasema, "Pima kwa ile hesabu yako." Nikashika chaki, nikaiweka chini. Nikamwambia siwezi. Kesho yake nikapanda gari kwenda Kiloleli.

Nilimkuta bustanini, suruali imekunjwa magotini. Nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Ngassa."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, kwamba ni mzima tu, ingawa hakukuwa na uzima wowote kwangu.

Aliniwekea kiti, akamwambia mkewe alete maji ya kunywa. Nikamwambia yote, kuanzia hatua niliyoiruka barabarani, Sitta alivyokuja na mimi nikabaki chini ya gari, beringi, mpaka ringi nilizozikuta mpya. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Ulizikuta mpya lini?"

"Wiki ile ile lori lilipoanguka."

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa la hesabu. Hilo la miaka miwili si la hesabu."

Nikaweka kikombe cha maji chini.

Halafu akaniambia habari yako. Alisema, "Nilikuja Bariadi siku ya soko, nikakutana na Minza. Nikanyoosha mkono. Alinitazama, akapita kama hanijui. Mabula, wateja nilishawasahau. Yule mtoto nilimbeba mgongoni."

Wewe huna kosa hapo. Ulikuwa unamheshimu baba yako. Sumu ile niliitia mimi.

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na nadhani alimaanisha, lakini akaongeza, "Hapa hukunikosea. Ulinikosea Somanda, mbele ya watu. Kaseme huko."

Nilirudi nikakaa siku tatu bila kula vizuri, halafu nikawaita. Mzee Salumu, Sitta na mkewe, mafundi waliokuwepo siku ile. Nikasimama kwenye mlango ule ule. Nilisema ringi zilikuwa mpya, gari lilishikwa na kazi yangu, na nilijua tangu wiki ya ajali. Nilisema kwa Kiswahili, halafu nikarudia kwa Kisukuma ili mama yake Sitta, aliyekuwa amekaa nyuma, asikie. Wewe ulikuwa shuleni, na nilimwomba mama yako aniachie nikuambie mwenyewe.

Mzee Salumu aliinamisha kichwa. "Mimi nilikuuliza kama una uhakika," akasema. Magari yake hayajaingia hapa tena, na wengi walimfuata. Ndiyo maana umeniona nafanya kazi peke yangu kwenye gereji yenye nafasi ya magari sita. Ulidhani ni uzee.

Sitta alikuwa ameegemea gongo lake. Alisema taratibu, "Fundi, nilikuambia kunanuka moto."

"Uliniambia."

"Nilikuja kabisa nikakuambia."

"Ulikuja, Sitta."

Mkewe akamshika mkono wakaondoka. Mpaka leo akinipita hunisalimia, lakini hasimami. Simlaumu. Kuna vitu ukivisema havirudishi mguu wa mtu.

Mwanangu, huko unakokwenda utapima vizuri kuliko mimi. Mashine yenu haikisii kama nilivyokisia. Lakini hata hiyo inashika tairi, haiingii ndani ya injini. Katikati lazima mtu aseme, nadhani hapa kumeliwa kiasi hiki. Siku hiyo mtu huyo atakuwa wewe. Jiangalie unataka namba iwe ipi kabla hujaisoma. Mimi niliitaka iwe ndogo, ikawa ndogo, na sikutaka kujua zaidi. Na dereva akikuambia kunanuka moto, toka chini ya gari. Hata kama umechoka, hata kama unajua zaidi yake, toka ukaguse kwa mkono wako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo kama nati. Sikuambii kwa sababu mimi ni mwema. Nimeona linavyokua likiachwa.

Ngassa hakurudi Somanda. Amefungua kibanda cha ufundi huko huko Kiloleli. Mwaka jana asubuhi moja liliingia hapa gari dogo la mizigo, dereva akasema, "Fundi Ngassa amenituma. Injini amemaliza yeye, breki amesema ufanye wewe." Nilimwomba arudie. Nilifanya kazi ile siku nzima, kazi ya saa mbili. Nilipomaliza nikampigia Ngassa nikamweleza kila nati. Akasema, "Sawa," akakata. Gari jingine hajaleta. Hatujawa kama zamani na sidhani kama tutakuwa. Nimechoka mno kungoja zaidi ya hilo, na hilo nalo ni zaidi ya nilichostahili.

Nasikia sauti yako na ya mama yako njiani, shangazi amewafungia na viazi vya safari, naona. Barua hii nitaiweka katikati ya vitabu vyako. Usiisome hapa nyumbani. Sina nguvu ya kukutazama ukiisoma.

Namba ya baba yako mdogo nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukishafika Dar, kabla hujanijulisha mimi, mpigie yeye. Usimweleze mengi. Mwamkie tu, umwambie ni Minza.

Mimi nitasubiri.

Baba yako,
Mabula